Laptopu haishiki Wi-Fi: namna ya kujua kama kadi ndiyo mbovu

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu yake hapa Ngamiani, Tanga, ikiwa na kadi mpya ya Wi-Fi ndani. Ilikuwa kadi ya pili mwaka huo. Fundi wa kwanza alibadilisha, tatizo likarudi baada ya siku mbili. Fundi wa pili naye akabadilisha, tatizo halikuondoka hata siku moja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akaniambia: "Mwanangu, chumbani inashika vizuri tu. Nikihamia barazani inakata. Na ruta yenyewe iko sebuleni, hatua tano kutoka barazani. Inakuwaje ishike mbali, karibu ikatae?"

Jibu lilikuwa ndani ya swali lake, na nitalirudia. Nimeanza naye kwa sababu hivi ndivyo hela za watu zinavyopotea. Laptopu ikikosa mtandao, kadi inahukumiwa kwanza, kisha ndiyo inapimwa, tena wakati mwingine haipimwi kabisa. Kwa ninavyoona mezani kwangu, mara nyingi kosa liko kwenye draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), swichi, waya za antena au ruta. Kadi hufa, sikatai, lakini ina namna yake ya kufa, na namna hiyo inatambulika ukifuata mpangilio.

Mpangilio wangu ni maswali matatu. Kompyuta inaiona kadi? Kadi inasikia mitandao? Ikishasikia na kuunga, inadumu? Ukiyajibu kwa zamu bila kuruka, utajua pa kugusa.

Kwanza itoe ruta kwenye lawama

Chukua simu, simama palepale laptopu ilipo, uiunge kwenye ruta ileile. Simu nayo ikisumbua, iache laptopu. Simu ikienda vizuri, zima Wi-Fi ya simu, washa hotspoti yake kwa data, kisha unga laptopu kwenye hotspoti hiyo. Laptopu ikishika hotspoti na kukaa nayo saa nzima bila kukata, kadi ni nzima. Kinachosumbua ni maelewano yake na ruta ya nyumbani.

Hapo kuna mtego mmoja. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwenye masafa ya 5 GHz, na laptopu nyingi za zamani zina kadi za 2.4 GHz tu. Laptopu haitaiona hotspoti hiyo hata uiweke juu ya kibodi, wala hapo hakuna kilichoharibika. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspoti uchague 2.4 GHz. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa kipengele cha "Maximize Compatibility". Kujua kadi yako inaweza nini, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Radio types supported". Hapo kuna majina ya viwango vya Wi-Fi. Ukiona 802.11a, 802.11ac au 802.11ax, kadi inafika 5 GHz. Ukiona b, g na n peke yake, karibu kila mara ni ya 2.4 tu.

Mtego wa pili unatuhusu sana sisi tunaotumia laptopu za used. Marekani, Wi-Fi ya 2.4 GHz inatumia chaneli 1 hadi 11. Kwingi kwingine duniani zinatumika 1 hadi 13. Baadhi ya kadi zilizouzwa kwa soko la Marekani zimefungwa zisisikilize 12 na 13, na zikifika huku zinabaki hivyohivyo. Ruta yako ikiwa imejichagulia chaneli 13, simu zote za nyumbani zitaiona, laptopu itaona mitandao ya majirani wote isipokuwa wa kwako. Nimeshaletewa mashine ya namna hiyo, mwenyewe ameshaambiwa anunue kadi. Niliingia kwenye ruta, nikahamisha chaneli kwenda 6, jina likatokea kwenye orodha palepale.

Na kama laptopu inaunga lakini inasema hakuna intaneti? Hilo ni nadra mno kuwa kosa la kadi. Kadi iliyokufa haiwezi kukuonyesha majina kumi ya mitandao ya mtaa mzima. Andika "ipconfig"; anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imeomba anwani na haikupewa. Washa ruta upya, isahau Wi-Fi hiyo kwenye laptopu kisha uunge tena.

Kompyuta inaiona kadi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua "Network adapters". Tafuta jina lenye Wireless au Wi-Fi: Intel, Realtek, Qualcomm, MediaTek au Broadcom.

Ikiwa lipo na lina mshale mdogo unaoelekea chini, kadi imezimwa kwa mkono wa mtu. Bonyeza kitufe cha kulia, iwashe, basi.

Ikiwa hakuna jina la Wi-Fi lakini chini ya "Other devices" kuna "Network Controller" yenye alama ya njano, kadi ipo na kompyuta inaiona. Haina draiva tu. Hii hutokea sana baada ya kupiga Windows upya. Fungua sifa za kifaa hicho, nenda "Details", chagua "Hardware Ids". Herufi baada ya VEN zitakuambia nani aliyeitengeneza: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek. Unga simu kwa waya wa USB, washa kipengele cha kugawa intaneti kupitia USB, kompyuta itapata mtandao wa kupakulia draiva. Nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu au kadi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Nimesafisha mashine nyingi zilizoharibiwa nazo.

Sasa tuje kwenye Code 10 na Code 43, ambapo kadi nyingi nzima zimetupwa. Code 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 inasema Windows imekisimamisha kwa sababu kimetoa taarifa ya hitilafu. Maneno hayo yanatisha, na muuzaji wa kadi anayapenda. Lakini mara nyingi ni akili ndogo iliyo ndani ya kadi imeganda, na haijawahi kukatiwa umeme ikaanza upya. Kuzima kompyuta kwa kawaida hakutoshi: Windows 10 na 11 huja na kipengele cha kuwaka haraka, kinachohifadhi kiini cha mfumo badala ya kukifunga, na kadi nayo inaweza kuendelea kupata umeme kutoka kwenye betri.

Kwa hiyo ikatie umeme kweli. Shika Shift, bonyeza Shut down. Chomoa chaja. Betri ikiwa ya nje, itoe. Ikiwa ya ndani, baadhi ya mashine kama ThinkPad zina kipengele cha kuizima kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nyingine itabidi ufungue mgongo na kuchomoa plagi yake kwenye bodi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde thelathini, umeme uliobaki kwenye bodi utoke. Rudisha, washa. Nimeona Code 10 iliyokaa miezi mitatu ikiondoka kwa hatua hii peke yake, na mwenye mashine akinitazama usoni kama vile nimemficha kitu.

Isipoondoka, futa kifaa kwenye Device Manager, weka tiki ya kuondoa na draiva yake kama inapatikana, kisha sakinisha draiva safi. Tatizo likiwa limeanza siku Windows ilipojisasisha, fungua sifa za kadi, nenda "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver" kabla ya jambo lingine lolote.

Na ikiwa kadi haipo kabisa, si kwa jina wala kwa alama ya njano? Kwenye menyu ya "View" chagua kuonyesha vifaa vilivyofichika. Jina likitokea kwa rangi hafifu lenye Code 45, kompyuta inakumbuka kwamba kadi iliwahi kuwapo lakini sasa haioni kitu kwenye soketi. Hapo angalia mambo matatu kabla ya kuchukua bisibisi.

Swichi. Laptopu za zamani, ThinkPad T420 na X220 zikiwamo, zina swichi halisi ya Wi-Fi pembeni, ndogo, rahisi kusukumwa na mkoba. Nyingine zina kitufe juu ya kibodi ambacho taa yake hubadilika rangi. Kwenye mashine nyingine swichi inazima redio tu na jina linabaki, nyingine zinaondoa kifaa chote.

BIOS. Ingia uone kama "Wireless LAN" imewashwa. Betri ndogo ya saa ikiisha, mipangilio ya BIOS kwenye baadhi ya mashine hurudi ya kiwandani.

Bluetooth. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu hakina gharama. Kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth ziko kwenye kadi moja, lakini zinaingia kwenye bodi kwa njia mbili tofauti: Wi-Fi kwa PCIe, Bluetooth kwa USB. Bluetooth ikiwa ipo na inafanya kazi huku Wi-Fi imetoweka, kadi inapata umeme na imekaa kwenye soketi. Upande wake wa Wi-Fi au njia yake ya PCIe ndiyo yenye shida. Zote mbili zikiwa zimetoweka kwa pamoja, ama kadi imechomoka, ama haipati umeme, ama imekufa yote.

Ubuntu kama shahidi

Kabla ya kufungua mashine kuna shahidi mmoja wa kumsikiliza. Andaa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta usio Windows, kwa kompyuta nyingine, washia laptopu kwenye flashi hiyo, uchague kujaribu bila kusakinisha. Hakuna kitakachoguswa kwenye diski. Fungua dirisha la amri la huko (Terminal), uandike:

lspci -nnk

Ukiona mstari wa "Network controller" na chini yake jina la draiva, bodi inaiona kadi. Ikishika mtandao hapo na kwenye Windows ikakataa, umemaliza kazi: kadi ni nzima, Windows ndiyo ya kutengenezwa. Ikionekana lakini haishiki, andika "rfkill list". "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe, wala si kadi. Kwa kadi za Intel ongeza hii:

sudo dmesg | grep -i iwlwifi

Maneno "Microcode SW error detected" yakijirudiarudia huko pia, na Windows nayo ililalamika kwa Code 10, sasa ushahidi dhidi ya kadi umeanza kuwa mzito, maana mifumo miwili isiyohusiana inasema jambo moja. Tahadhari ni kwa kadi za Broadcom: Ubuntu inaweza kuziona na isizitumie mpaka ziongezewe programu yake. Usizihukumu kwa kipimo hiki.

Kadi inasikia?

Hapa ndipo kwa mwalimu wetu. Kadi inaonekana, draiva ipo, majina ya mitandao yanatokea, lakini ishara ni hafifu au inapanda na kushuka bila sababu.

Weka laptopu mita mbili kutoka kwenye ruta, hakuna ukuta katikati, uunge. Kisha:

netsh wlan show interfaces

Matoleo ya karibuni ya Windows 11 yatakutaka uwashe kwanza huduma ya mahali, usishangae. Soma mistari miwili: "Signal" na "Receive rate". Windows inahesabu asilimia 100 pale nguvu ya ishara, inayopimwa kwa dBm, inapofika −50 dBm, na asilimia 0 kwenye −100 dBm. Kwa umbali huo, kadi yenye antena zake inakupa tisini na kitu, au mia. Ukipata thelathini au arobaini ukiwa mita mbili, kadi inasikia kwa vifungo vyake vya antena peke yake. Antena zenyewe hazijaungwa.

"Receive rate" inasema zaidi. Kadi nyingi zina antena mbili. Kadi ya 802.11ac yenye antena mbili, kwenye chaneli ya upana wa 80 MHz, inafika 866.7 Mbps, kwa antena moja inafika 433.3. Kwenye 802.11n ya 20 MHz ni 144 kwa mbili na 72 kwa moja. Ukiwa karibu na ruta nzuri na namba inagoma kwenye nusu kamili, waya mmoja umechomoka. Angalia kwanza kama kadi ni ya antena mbili kweli, kwa sababu laptopu za bei nafuu huja na kadi ya antena moja.

Waya hizo ni nyembamba kama uzi wa kushonea, kwa kawaida mmoja mweusi na mmoja mweupe au kijivu. Zinatoka kwenye kadi, zinapita chini ya bodi, zinapenya kwenye bawaba, zinapanda hadi juu ya kioo karibu na kamera. Kwa hiyo zinakunjwa na kukunjuliwa kila unapofungua na kufunga laptopu. Mahali pake pa kukatika ni bawaba. Bawaba iliyolegea au kuvunjika ikatiwa skrubu upya kwa haraka, waya unabanwa, ganda linachubuka, na ndani yake shaba inaanza kugusa na kuachia.

Mwalimu nikamwomba anionyeshe anavyokaa. Chumbani meza imesogezwa ukutani, kifuniko kinaishia wima. Barazani anakaa kwenye kiti cha uvivu, laptopu mapajani, kifuniko kimelazwa nyuma sana. Nikaiwasha mezani, nikaweka "ping -t", amri inayoibishia ruta hodi bila kukoma na kupima muda wa jibu, kwenda kwenye ruta yangu, nikawa nakilaza kifuniko polepole huku namba zinapita. Milisekunde mbili, mbili, tatu, mbili. Kilipopita wima kidogo: arobaini, mia tatu, kimya. Nikakirudisha: mbili, mbili. Nikalifanya mara nne mbele yake. Kadi ya kwanza, ya pili na hii ya tatu, zote zilikuwa nzima.

Jaribio hilo linahitaji mkono wako tu. Lifanye kabla ya kununua chochote.

Inaunga kisha inakata

Hii ndiyo dalili yenye visababishi vingi, na wengi hapa hukosea kwa haraka.

Ukatikaji wa kila baada ya kuamka usingizini, au ukiiacha mashine dakika kumi, mara nyingi ni kuokoa betri. Kwenye sifa za kadi tafuta "Power Management", uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Mashine mpya nyingine hazina ukurasa huo. Basi chagua mpango wa umeme usiobana.

Ukatikaji unaokuja unapochomeka diski ya nje ya USB 3 au flashi ya kasi ni jambo la kweli, si uzushi. USB 3 inamwaga kelele za redio zinazoangukia kwenye 2.4 GHz. Hamisha diski upande mwingine, tumia waya mrefu kidogo, au hamia 5 GHz.

Ukatikaji unaokuja baada ya dakika ishirini au thelathini za kazi nzito, na kupona mashine ikipoa, ni joto. Laptopu nyingi zimepanga kadi karibu na diski au bomba la joto, na huku kwetu mwezi wa pili hata feni yenyewe inavuta hewa ya moto. Safisha vumbi, badilisha pesti ya prosesa, kisha upime tena. Kadi ikiendelea kuanguka kwa joto la kawaida, na ikipoa inarudi, basi kadi hiyo inakufa. Chipu yake au viungo vyake vimechoka. Hii ni mojawapo ya dalili chache zinazoielekea kadi moja kwa moja.

Kupata historia yenye saa, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi:

netsh wlan show wlanreport

Windows itakutengenezea ripoti ya siku tatu zilizopita yenye mchoro: ilishika saa ngapi, ilikata saa ngapi, kwa sababu gani. Ilinganishe na ulichokuwa unafanya. Ikikata wakati simu pia imekata, ni ruta. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kadi za Intel huandika kwa jina linaloanza na Netwtw. Makosa mekundu ya jina hilo kila inapokata, ukiwa umeshabadilisha draiva, yahesabu kuwa ushahidi.

Kufungua mashine

Zima kabisa, chomoa chaja, chomoa plagi ya betri. Shika chuma cha fremu kwanza, umeme tuli ukutoke mkononi. Kadi ya zamani ni Mini PCIe, ya sasa ni M.2 yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 30, imeshikwa na skrubu moja. Piga picha ya waya kabla ya kugusa. Vifungo vya antena vinang'olewa kwa kuinua wima kwa ukucha au kibano, kamwe usivute waya. Vya ukubwa wa U.FL, vinavyotumika kwenye Mini PCIe, vimetengenezwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 tu, kwa hiyo usivichezee.

Itoe kadi na uitazame chini ya taa. Tanga, Mombasa, Zanzibar, popote penye upepo wa bahari, utaona pini za dhahabu zimefifia au zina ukoga wa kijani. Zisafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Wengine wanatumia ufutio wa penseli. Unasafisha, lakini unaacha chengachenga, na moja ikibaki ndani ya soketi umejiletea tatizo jipya. Tazama pia alama ya chai au soda iliyokauka, na vijipande vidogo vya bodi vilivyobadilika rangi. Rudisha kadi kwa mshazari, isukume hadi mwisho, ishushe, kaza skrubu. Bonyeza kila antena mpaka usikie "tik".

Ikiendelea kukataa, sasa ndiyo zamu ya kipimo cha mwisho, na fundi asiyekifanya hajapima: peleka kadi hiyo kwenye laptopu nyingine inayoikubali, na ulete kadi unayojua ni nzima kwenye laptopu hii. Kadi yako ikifa na kule, na ya mkopo ikifanya kazi hapa, kadi ni mbovu bila ubishi. Kadi yako ikifanya kazi kule, na ya mkopo ikikataa hapa, soketi au bodi ndiyo mbovu, na kununua kadi ni kutupa hela. Kama huna kadi ya mkopo, adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB itakusaidia nusu ya njia: ikishika vizuri, Windows na mtandao viko sawa, kwa hiyo kosa liko kati ya kadi, antena na soketi.

Kuna mambo ya kuangalia katika kubadilishana huko, yasikudanganye. ThinkPad na HP za zamani zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka isiyo kwenye orodha, ThinkPad itasimama na kuandika kosa 1802, HP itaandika kosa 104. Kadi haina ubaya wowote, imekataliwa mlangoni. Intel AX201 na AX211 ni nusu ya kadi. Nusu nyingine imo ndani ya chipu za Intel kwenye bodi. Ziweke kwenye laptopu ya AMD au ya Intel ya zamani, hazitaonekana kabisa. AX200 na AX210 zinajitegemea, ndizo za kununua kwa mashine yenye soketi ya M.2 ambayo huna hakika nayo. Na vifungo vya antena vya Mini PCIe ni vikubwa kuliko vya M.2, haviingiliani.

Laptopu nyembamba nyingine zina Wi-Fi iliyochomelewa kwenye bodi. Hapo hakuna cha kubadilisha. Adapta ya USB ndiyo dawa ya bei nafuu, na inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Mwalimu nilimfungulia fremu ya kioo. Waya mweusi ulikuwa umebanwa kati ya bawaba na plastiki, umechubuka urefu wa punje ya mchele, na waya mweupe ulikuwa umeachia kabisa kwenye kadi, hakuna aliyeubonyeza hadi mwisho. Nikatoa antena nzima kwenye laptopu mbovu ya aina ileile niliyokuwa nayo stoo, nikaipitisha kwenye njia yake, nikakaza bawaba, nikabonyeza vyote viwili. "Signal" ikasoma 98, "Receive rate" ikatoka 433 ikaenda 866. Nilikilaza kifuniko mpaka mwisho wake, ping zikaendelea kwa mbili na tatu. Zile kadi mbili za zamani alikuwa bado nazo kwenye mkoba, zimefungwa kwenye karatasi. Nikazipima moja moja mbele yake, zote zikashika, nikamrudishia.